Mfanyakazi na Nyumba Yake: Mafundisho juu ya Amri ya Saba

Mwana wa Mungu alipozaliwa duniani hakujichagulia jumba la mfalme. Mtakatifu Luka, katika sura ya 2 ya Injili yake, aeleza jinsi Bikira Maria alivyomlaza mtoto wake katika hori la wanyama, kwa sababu hawakupata nafasi penye nyumba ya wageni. Wakatekumeni wanaposikia habari hiyo wakati wa Noeli, hufikiri mara moja wachungaji na malaika. Wafanya vema. Lakini habari hiyo yafundisha na jambo jingine. Yosefu alikuwa fundi, mtu wa kazi ya mikono. Alikuwa amefika kutoka mbali kwa sababu ya amri ya serikali, na Maria alikuwa karibu kuzaa. Walihitaji mahali pa kulala, wasipate.

Hivyo taabu ya kukosa nyumba iliingia katika maisha ya Yezu Kristu tangu usiku wake wa kwanza. Baadaye, alipokuwa akihubiri, alimwambia mtu mmoja aliyetaka kumfuata kwamba wanyama wa porini na ndege wana makao yao, lakini yeye hana mahali pake pa kulala. Mtakatifu Mateo aliandika habari hiyo katika sura ya 8.

Basi, mtu akiuliza kama shida ya nyumba ni jambo la dini, na atazame hori la Betlehemu. Wako wanaosema: nyumba ni bahati, mwenye nayo anayo, asiye nayo na avumilie. Kanisa halisemi hivyo. Kanisa lafundisha kwamba mtu anayefanya kazi kwa uaminifu astahili kupata mahali pa kukaa pamoja na mke wake na watoto wake. Jambo hilo ni haki, si huruma tu. Ni vizuri kila mkatekumeni alielewe kabla ya kupokea Ubatizo, kwa maana lahusu amri ya saba ya Mungu: Usiibe.

KIJIJINI NA MJINI

Kijijini kijana akitaka kuoa, mkubwa wa kijiji humwonyesha mahali. Kijana hukata miti na nyasi, au hufyatua matofali ya udongo. Ndugu na rafiki humsaidia siku chache, naye huwapa chakula na kinywaji. Baada ya miezi michache nyumba imesimama. Ni ndogo, na pengine mvua hupenya, lakini ni yake. Hakuna mtu atakayekuja mwisho wa mwezi kumdai fedha kwa sababu amelala ndani yake.

Mjini mambo ni mengine. Kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na watu wa Katanga humwita mwenye lupango. Mahali pa kulala pana bei. Maji yana bei, makala yana bei. Hata njia ya kwenda kazini ina bei, kwa maana vyumba vya bei ndogo viko mbali sana na kazi. Mlinzi wa usiku, mchukuzi wa mizigo sokoni, msaidizi wa mwashi, mtumishi wa nyumbani, hata mwalimu wa watoto wadogo: watu hao hupata fedha, ni kweli. Lakini fedha hizo, kabla hazijafika mfukoni, zimekwisha kugawanywa.

Ndiyo sababu wazazi wengi kijijini hawaelewi. Wasikia kwamba mtoto wao apata mshahara kila mwezi, lakini hawaoni nguo, wala chumvi, wala fedha za shule ya wadogo zake. Husema: moyo wake umegeuka, mji umemla. Pengine ni kweli, kwa maana wako vijana wanaotupa mshahara wao katika pombe. Lakini mara nyingi si kweli. Kabla ya kumhukumu mtoto wao, yafaa wazazi waijue hesabu yake.

HESABU YA MSHAHARA

Anayepanga chumba mjini hutakiwa kuweka kwanza garanti, yaani fedha zinazobaki mikononi mwa mwenye nyumba mpaka siku ya kutoka. Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 yaagiza kwamba kwa nyumba ya kuishi garanti isizidi kodi ya miezi 3. Wako wenye nyumba wanaoifuata sheria hiyo, na wako wanaodai zaidi.

Na ifikiriwe hali ya mfanyakazi aliyempata mwenye nyumba mwaminifu. Kodi ya chumba chake ni theluthi moja ya mshahara. Lazima atoe garanti ya miezi 3, kisha kodi ya mwezi wa kwanza. Jumla ni kodi ya miezi 4, ndiyo kusema mshahara wote wa mwezi mmoja pamoja na theluthi ya mwezi wa pili. Hajanunua bado unga, wala blanketi, wala sufuria. Tena fedha hizo atakiwa kuzitoa kabla ya kulala usiku wa kwanza, naye pengine hajapokea mshahara hata mara moja.

Afanye nini? Wengine hukopa kwa watu wanaodai faida kubwa, na deni hilo huwafuata miaka. Wengine hukaa kwa ndugu na kulala sebuleni, mpaka mke wa ndugu achoke. Wengine hujenga kibanda mahali ambapo watu wenye fedha hawataki kujenga. Katika Bukavu watu wengi maskini wamejenga juu ya miteremko mikali ya vilima, na mvua kubwa inaponyesha udongo huporomoka, huchukua nyumba na watu waliomo. Mtu hajengi mahali kama hapo kwa sababu ya ujinga. Ajua hatari. Lakini hana mahali pengine.

Na aliyepata chumba, mara nyingi ni chumba kimoja tu. Baba, mama na watoto wakubwa kwa wadogo hulala humo, wakitengwa kwa pazia. Watoto huona na kusikia yasiyowafaa. Binti akikua hutumwa kulala kwa jirani, na wazazi hawajui vema ni nani aingiaye huko. Wachumba waliotaka kufunga ndoa kanisani huahirisha mwaka hata mwaka kwa sababu hawana nyumba, kisha hukaa pamoja bila sakramenti. Umaskini si ruhusa ya dhambi, na wachumba hao wana wajibu wao mbele ya Mungu. Lakini yule aliyefanya iwe vigumu kwao kupata nyumba, naye atatoa hesabu yake.

NAMNA MIJI ILIVYOJENGWA

Shida hiyo haikuanza leo. Katika Katanga, kampani ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mji wa Elisabethville, ambao tangu 1966 waitwa Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910. Katika miaka ile ya kwanza wanaume waliletwa kutoka mbali bila wake zao, kwa mapatano ya muda mfupi, wakakaa katika kambi mbaya. Wengi waliugua, na wengi walikufa. Kuelekea mwaka 1928 kampani ilibadili njia yake. Iliwapa wafanyakazi mapatano ya miaka 3, ikawaacha waishi na wake zao, ikawajengea nyumba za matofali, ikawapa posho na hospitali. Shule za kambi ziliwekwa mikononi mwa wamisionari Wabenedikto.

Kampani haikufanya hivyo kwa mapendo tu. Iliona kwamba mtu anayekaa vizuri na jamaa yake haugui mara kwa mara, hatoroki, na kazi yake ni nzuri zaidi. Hilo ni fundisho kubwa. Hata mtu anayetafuta faida tu alitambua kwamba mfanyakazi bila nyumba ni kama shoka bila mpini.

Lakini nyumba hizo zilikuwa na upungufu mkubwa: hazikuwa za wafanyakazi. Mtu aliyeacha kazi au kufukuzwa alipaswa kutoka katika nyumba pia. Kazi na nyumba zilifungwa kwa kamba moja. Kamba hiyo ilipokatika, vyote viwili vilianguka pamoja.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliunda Office des Cités Africaines, ofisi ya kujenga mitaa ya nyumba katika miji mikubwa. Bagira katika Bukavu na Ruashi katika Lubumbashi ni mitaa iliyojengwa na ofisi hiyo. Wakati ule Mwafrika hakuweza kuhamia mjini bila ruhusa ya serikali. Baada ya Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 watu waliingia mijini kwa wingi, lakini ujenzi wa nyumba za watu wenye mshahara mdogo haukulingana na wingi wao.

Mwaka 1967 serikali iliitwaa mali ya Union Minière katika Kongo, ikazaliwa kampani iliyokuja kuitwa Gécamines. Nayo kwa miaka mingi ilitunza kambi, shule na hospitali. Lakini mwaka 1990 mgodi wake mkubwa wa Kamoto uliporomoka, kampani ikadhoofika, na mishahara ikachelewa miezi mingi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika kampani wakipewa fedha mara moja tu. Watoto wa wafanyakazi hao, walipokuwa watu wazima, hawakuwa na kampani ya kuwapa nyumba. Iliwapasa kutafuta chumba cha kupanga kama wengine wote.

MSHAHARA WA HAKI

Mungu alisema nini juu ya mambo haya? Katika sura ya 24 ya Kumbukumbu la Torati, Mungu aliwaamuru Waisraeli wamlipe kibarua maskini siku ile ile, kabla ya jua kuchwa, kwa maana maskini huyo autegemea mshahara wake. Asipolipwa atamlilia Mungu, na aliyemnyima atakuwa na dhambi. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya barua yake, awaonya matajiri kwamba mshahara waliowanyima wavunaji wa mashamba yao wapiga kelele, na kelele hiyo imefika masikioni mwa Mungu. Ndiyo sababu Katekisimu huhesabu kuwadhulumu wafanyakazi mshahara wao kuwa moja ya dhambi zinazolilia mbinguni. Iko pamoja na damu ya Abeli.

Wako wenye kazi wanaosema: mtu huyu alikubali mshahara wenyewe, hakulazimishwa. Papa Leo XIII aliwajibu katika barua yake ya mwaka 1891. Alifundisha kwamba juu ya mapatano ya watu iko haki ya asili, nayo yadai mshahara utoshe kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema. Mtu akikubali mshahara usiotosha kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa jambo baya zaidi, ameonewa. Papa Pio XI, mwaka 1931, alieleza kwamba mshahara wa baba wapaswa kutosha mahitaji ya jamaa yake pia. Papa Yoane XXIII, mwaka 1963, alipohesabu haki za kila mtu, alitaja nyumba pamoja na chakula, nguo, mapumziko na matibabu. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha vivyo hivyo mwaka 1965. Na mwaka 1987, mwaka ambao mataifa waliuweka kwa ajili ya watu wasio na makao, ofisi ya Papa ya Haki na Amani iliandika hati nzima juu ya ndugu asiye na nyumba.

Basi, mwenye kazi anayemlipa mtu mshahara usioweza kupata hata chumba kimoja na chakula, huku yeye mwenyewe ana uwezo wa kulipa zaidi, asijidanganye. Sadaka anayotoa kanisani siku ya Dominika haifuti deni hilo. Alipe kwanza deni, kisha alete sadaka.

MWENYE LUPANGO

Wenye nyumba hawafanani. Yuko mtu mwenye nyumba nyingi, naye huongeza nyingine kila mwaka kwa fedha za wapangaji. Nabii Isaya, katika sura ya 5, aliwatangazia ole watu wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, mpaka wengine wakose mahali. Mtu huyo ajua kwamba watu wanaotafuta vyumba ni wengi na vyumba ni vichache. Kwa hiyo hupandisha kodi apendavyo, wala hatengenezi paa linalovuja. Akiambiwa, hujibu: mali ni yangu; asiyetaka na aende zake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, inapoeleza amri ya saba, yahesabu kuwa kosa juu ya amri hiyo kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzako. Neno hilo lamhusu mtu huyo wazi kabisa. Mali ni yake, lakini Mungu ndiye aliyeiumba nchi, naye aliiumba kwa ajili ya watu wote. Mwenye mali ni mtunzaji, na mtunzaji hutoa hesabu.

Lakini yuko pia mwenye lupango wa namna nyingine. Ni mama mjane aliyeachiwa nyumba ya vyumba vitatu. Akaa katika kimoja pamoja na watoto wake, apangisha viwili, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo chakula chake na karo ya watoto. Mpangaji wake asipolipa miezi 2, watoto wa mjane hufukuzwa shuleni. Hapo nani ni maskini, na nani ni mdhalimu? Amri ya saba yamlinda mjane huyo pia. Hana dhambi akidai kodi yake. Angekuwa na dhambi kama angedai kupita haki.

Bei ya haki ni ipi? Ni ile inayomrudishia mwenye nyumba gharama ya kujenga na kutengeneza, na kumpa riziki inayofaa, bila kumnyonga mpangaji. Haipimwi kwa machozi ya anayetafuta. Mkristu mwenye lupango na ajiulize: kama mtoto wangu angefika mgeni katika mji wa mbali, ningependa adaiwe kodi hii? Adaiwe garanti hii? Jibu la moyo wake litamwonyesha njia.

Tena kuna namna ya kudai. Katika sura ile ile ya 24 ya Kumbukumbu la Torati, Mungu alimkataza mwenye kudai asiingie katika nyumba ya mdaiwa ili kutwaa rehani. Alipaswa kungoja nje, mpaka mdaiwa mwenyewe amtolee. Mungu aliuheshimu mlango wa maskini. Kwa hiyo Mkristu hatupi nje vyombo vya mpangaji usiku, mbele ya watoto wake. Humwita, humsikiliza, humwekea siku, humwita na katekista au mzee wa jumuiya awe shahidi. Iwapo lazima mpangaji aondoke, aondoke kama mtu, siyo kama mbwa.

MPANGAJI

Naye mpangaji ana wajibu wake. Aliyepokea mshahara Jumamosi, akaumaliza kwa pombe Dominika, kisha akamwambia mwenye nyumba kwamba kampani haijalipa, huyo ni mwongo na mwizi. Anayevunja mlango na kuondoka usiku bila kulipa ameiba sawa na yule anayeiba mbuzi. Na mume asiyemwonyesha mke wake mshahara wake, mke asijue kama kodi imelipwa, amemdhulumu mke huyo.

Mfanyakazi mwenye busara hutenga kodi kwanza, siku ile ile ya mshahara, kisha hugawanya kilichobaki. Katika miji ya Kongo wafanyakazi wengi hujiunga katika likelemba: kila mtu huweka sehemu yake, na kila mwezi mmoja hupokea fedha za wote kwa zamu. Kwa njia hiyo mtu maskini aweza kulipa garanti bila kukopa kwa faida, au kununua mabati ya nyumba yake kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini chama hicho chahitaji uaminifu. Anayepokea zamu yake kisha akakimbia, amewaibia wenzake wote kwa siku moja.

Tena wafanyakazi wana ruhusa kuungana ili kuomba mshahara wa haki kwa njia ya amani. Papa Leo XIII alisema hivyo wazi mwaka 1891. Si uasi, ni haki. Lakini wasitumie uongo, wala wasiharibu mali, wala wasimpige mwenzao asiyekubaliana nao.

KAZI YA KIJIJI

Pengine mkatekumeni wa kijijini atasema: mafundisho haya ni ya watu wa mji. Sivyo. Mji umejaa watoto wa vijiji.

Kwanza, wazazi wasimhukumu upesi mtoto wao aliye mjini. Wamuulize kwa upole: kodi yako ni kiasi gani, na kinabaki kiasi gani? Wakijua, watamwombea badala ya kumlaani. Laana ya mzazi juu ya mtoto asiye na kosa ni dhambi mbele ya Mungu.

Pili, wasimpelekee watu bila kumwarifu. Mtu mwenye chumba kimoja akipelekewa wadogo watatu, hawezi kuwakataa kwa sababu ya heshima, wala hawezi kuwalisha. Na kijana aliyepokelewa akumbuke methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Atafute kazi, achote maji, atoe sehemu yake ya kodi mara apatapo mshahara.

Tatu, kijiji kina kitu ambacho mji hauna. Gunia la unga wa mihogo, debe la maharage, chupa ya mafuta ya ngazi, vikipelekwa kwa mtu anayeaminika, vyaweza kuokoa kodi ya mwezi mmoja. Wazee walizoea kungojea vitu kutoka mjini. Siku hizi mapendo yadai pengine vitu vitoke kijijini pia.

Nne, wakubwa wa kijiji wasiuze ardhi yote. Mtoto aliyeshindwa na mji, au mzee aliyemaliza kazi bila nyumba, akirudi akute mahali pa kujenga. Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 15, baba alimwona mwana wake angali mbali, akamkimbilia. Lakini hata baba huyo angefanya nini kama angekuwa amekwisha kuuza nyumba?

Tano, kijana anayetaka kwenda mjini asiende kama jani linalopeperushwa na upepo. Aulize kwanza kuhusu kazi na mahali pa kulala. Aweke akiba. Achukue barua ya katekista, aipeleke katika jumuiya ya Kikristu ya mtaa atakaokaa, ili apate watu wa kumwonyesha njia njema. Yezu Kristu, katika sura ya 25 ya Mtakatifu Mateo, alifundisha kwamba anayempokea mgeni ampokea yeye mwenyewe. Jumuiya inayomtafutia kijana mgeni chumba cha bei ya haki imemtafutia Yosefu na Maria mahali katika Betlehemu.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Je, mfanyakazi ana haki ya kupata nyumba?
Jibu: Ndiyo. Anayefanya kazi kwa uaminifu ana haki ya kupata mshahara unaotosha kumpa yeye na jamaa yake chakula, nguo na mahali pa kukaa.

Swali: Dhambi ya kuwadhulumu wafanyakazi mshahara wao yaitwaje?
Jibu: Yaitwa dhambi inayolilia mbinguni.

Swali: Mwenye nyumba akosa juu ya amri gani akipandisha kodi kwa kutumia shida ya maskini?
Jibu: Akosa juu ya amri ya saba. Naye aliyetwaa kwa udhalimu yampasa kurudisha.

Swali: Je, mwenye nyumba afanya dhambi akidai kodi ya haki?
Jibu: Hapana. Kodi ya haki ni mali yake. Lakini adai kwa upole, na amhurumie aliyepatwa na ugonjwa au msiba.

Swali: Mpangaji anayeweza kulipa lakini halipi afanya nini?
Jibu: Afanya wizi.

Swali: Mkatekumeni wa kijijini awezaje kuwasaidia ndugu walio mjini?
Jibu: Kwa kuwaombea, kutowahukumu upesi, kuwapelekea chakula akiweza, na kuwatunzia mahali kijijini.

TENDO LA JUMA

Kila mkatekumeni aliye na ndugu mjini ampelekee habari juma hili, siyo ya kuomba kitu, bali ya kumuuliza hali yake na ya nyumba yake. Na aliye na deni la mtu wa kazi, hata akiwa kibarua aliyemlimia shamba siku moja tu, amlipe kabla ya Dominika.

Mwaka 1955 Papa Pio XII aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei. Yosefu aliijua kazi ya mikono. Aliujua usiku wa kutafuta mahali pa kulala, na aliijua safari ya usiku ya kukimbilia Misri pamoja na mtoto na mama yake. Mwishoni aliwapatia nyumba katika Nazareti, na ndani ya nyumba hiyo ya fundi maskini Mwana wa Mungu alikua. Kila jioni mkatekumeni amwombe Mtakatifu Yosefu kwa ajili ya wote watakaolala usiku huo wasijue kama mwezi ujao watakuwa na mlango wa kufunga.